Umepotea Sana Wewe

Ukiadimika siku tatu mjini Tanga, salamu ya kwanza utakayokutana nayo si ya kuulizwa umeamkaje. Ni “Umepotea sana wewe!” Husemwa kwa sauti ya lawama, mkono umeshikwa, na hauachiwi mpaka ujieleze. Ulisafiri? Uliumwa? Au kuna mtu kakuudhi? Nilipokuwa kijana salamu hii ilinikera. Nilijiuliza huyu anayenidai maelezo ni nani yangu. Sasa mvi zimeanza kunitoka, naiona ni salamu yenye akili kuliko nyingi tulizonazo, kwa sababu aliyekwambia umepotea amekwishazihesabu siku ambazo hukuwepo.

Asubuhi moja tulikuwa barazani, kwenye mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Muuza kahawa akamimina, akagawa, akabaki na kikombe kimoja mkononi. Mwenye kikombe, mzee mmoja fundi baiskeli, alikuwa hajaonekana tangu juzi yake. Hakuna aliyetoa hotuba. Mmoja akauliza, “Na mgosi yule vipi?” Mwingine akakumbuka kwamba alikuwa akikohoa. Wa tatu akasema kikohozi si hoja, hoja ni kwamba tulimzomea alipodai kuwa Coastal Union ya 1988, ile iliyotwaa ubingwa wa nchi, ingeifunga timu yoyote ya leo mabao matatu. Kijana akatumwa akagonge. Akarudi na taarifa: mzee hana homa, amenuna. Kahawa ikapelekwa kwake pamoja na kashata mbili na ujumbe kwamba basi, yangekuwa manne.

Nataka kuzungumza juu ya mapenzi, na nimeanza na kikombe hicho makusudi. Siku hizi tukitaja mapenzi tunawaza watu wawili na mlango uliofungwa. Lakini nikizitazama ndoa zinazovunjika hapa kwetu, nyingi naona zilikuwa na mapenzi ya kutosha. Kilichozielemea ni kwamba mume mmoja, au mke mmoja, alibebeshwa peke yake kazi iliyokuwa ikifanywa na mtaa mzima.

Mwaka 1943 mwanasaikolojia wa Marekani, Abraham Maslow, alizipanga haja za binadamu kama ngazi: kwanza chakula na mahitaji mengine ya mwili, kisha usalama, halafu ndipo mapenzi na kuwa miongoni mwa watu. Walimu wetu walituchorea piramidi ubaoni, ingawa katika makala yake hiyo Maslow mwenyewe hakuchora piramidi yoyote. Mpango huo unapendeza darasani, uswahilini haukai. Chukua fundi aliyeshinda juani akapata shilingi elfu tano, na nyumbani hakuna unga. Njiani anaambiwa fulani kafiwa. Atapita msibani, atakaa kwenye mkeka, na katika elfu tano hiyo atatoa elfu moja iandikwe kwenye daftari la rambirambi. Kwa ngazi ya Maslow huyu amekosea, ameruka vidato. Kwa hesabu ya mtaa amefanya jambo la busara kabisa, maana siku mwanawe akilazwa hospitali ya Bombo, waliomo katika daftari lile ndio watakaokuja na chupa ya uji. Kwa maskini, watu hawaji baada ya ugali. Ugali wenyewe huja kwa njia ya watu.

Walionishawishi zaidi ni Roy Baumeister na Mark Leary, ambao mwaka 1995 walikusanya tafiti za wenzao na kuandika kwamba haja ya kuwa wa mahali fulani ni ya msingi kama vile njaa. Wakasema inahitaji vitu viwili kwa pamoja: kukutana mara kwa mara bila ugomvi, na uhusiano wa kudumu ambao ndani yake kila mmoja anamjali mwenzake. Kimoja bila kingine hakishibishi. Dereva wa lori anayempenda mkewe kwa dhati lakini yuko njiani wiki tatu kila mwezi, anacho cha pili, cha kwanza kinampungukia. Karani anayekaa na wenzake saa nane kila siku, na hakuna anayejua kwamba mama yake anaumwa, anacho cha kwanza tu. Sisi tuna maneno ya vitu hivyo vyote viwili, mazoea na kujaliana, ila mazoea tunayadharau. “Wamezoeana tu,” tunasema, kana kwamba kuzoeana ni mabaki ya mapenzi yaliyochacha. Nadhani tumeligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Bila mazoea, kujaliana hakuna pa kukaa.

Kuna habari nyingine ambayo ingepaswa kujulikana zaidi Afrika Mashariki, kwa kuwa ilitokea kwa majirani zetu. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Uganda akimfuata mumewe aliyepata kazi Makerere. Akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda, akirudi kila baada ya majuma mawili hivi, akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao: nani analia mama akitoka, nani anatambaa mbali kisha anageuka kuhakikisha kama mama bado yupo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Nadharia ya John Bowlby wa Uingereza juu ya mtoto na mlezi, ambayo leo inafundishwa dunia nzima, ushahidi wake wa mwanzo wa kutembelea watu majumbani ulitoka huko. Jambo lililonikaa moyoni ni hili. Alipotafuta kinachowatofautisha watoto waliotulia na wale wasiotulia, moja ya alama ilikuwa uwezo wa mama kumsimulia mwanawe. Yule aliyeweza kueleza vijitabia vyake, anachokichukia, anavyolia akiwa na njaa na anavyolia akiwa na usingizi, ndiye ambaye kwa kawaida mtoto wake alikuwa salama moyoni. Mtoto yule alikuwa anajulikana.

Kujulikana. Ndiyo maana Kiswahili kinasema “kujuliana hali”. Hali ya mtu haitazamwi kwa mbali, watu huijua kwa zamu, huyu ya yule na yule ya huyu.

Niliujua ukosefu wake nikiwa Dar es Salaam, miaka ya nyuma, katika chumba cha kupanga. Malaria ilinilaza siku nne. Upande wa pili wa ukuta niliisikia redio ya jirani, taarifa ya habari ya asubuhi na ya jioni, na kijiko kikigonga sufuria. Mtu yule alikuwa umbali wa matofali ya inchi sita. Siku ya tano nilipotoka nje nikakutana naye bombani, akanisalimu kama kawaida. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Hakuna aliyempa kazi ya kunihesabu, nami sikuwa nimemhesabu yeye. Miaka mingi baadaye nikasoma uchambuzi wa Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa mwaka 2010: tafiti 148, watu zaidi ya laki tatu, na wale wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyo kubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nayo. Shirika la Afya Duniani nalo lilitangaza mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Uingereza walikwishateua waziri wa kushughulikia upweke tangu 2018. Barazani nilipoitaja habari hiyo walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akauliza waziri huyo naye anaulizwa hali na nani.

Tuje sasa kwenye sifa yetu. Nchi nzima inajua kwamba Tanga ndiko mapenzi yalikozaliwa, na sisi tumeikubali sifa hiyo kwa furaha iliyozidi. Ukimwambia mtu unatoka Tanga anakukonyeza. Anawaza udi, asumini kitandani, kanga mbili, maji ya kuoga yaliyowekewa mrihani, mwanamke anayempokea mumewe kwa jina la kumbembeleza. Sikatai, vyote hivyo vipo na vina utamu wake. Ila sifa hii imetuharibia hesabu. Imewafanya vijana waamini kwamba mahaba ni ufundi, kwamba mwenye kuujua atapendwa na kutulizana naye milele, na ndoa ikiyumba basi kuna mtu hakufundwa vizuri. Siku hizi mafunzo hayo yanauzwa kwa video za dakika tatu.

Wanachosahau ni kwamba somo, yule mwanamke aliyemfunda mwari, hakuwa video. Mwari alipotoka ndani, somo wake hakutoka maishani mwake. Alibaki. Miaka kumi baada ya harusi, bibi yule yule aliyemfunda ndiye aliyeweza kuingia kwake bila hodi ndefu, akatazama jiko, akatazama macho, akasema, “Mwanangu, hukulala.” Upande wa bwana alikuwepo mshenga. Aliyepeleka posa ndiye aliyeitwa kaya ilipowaka moto, maana maneno ya mwanzo yalipita kinywani mwake na hakuweza kujifanya hajui. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo, kwa namna yake, ililikumbuka jambo hili: kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla shauri halijapita katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza! Neno lile lile la kibaraza tunachokalia. Sheria ilijua kwamba watu wawili waliogombana hawawezi kujiamua wakiwa wawili.

Sasa tazama tulichowafanyia wanandoa wa leo. Mke anatakiwa awe mke, halafu awe rafiki wa kupiga naye soga, kwa kuwa mume hana baraza tena. Awe mshauri wa biashara na muuguzi wa roho. Mume naye anatakiwa awe shoga wa kumsikiliza mkewe akieleza ya mama mkwe, kazi ambayo zamani ilifanyika uani wakati wa kuchambua mchele, na ilifanywa na wanawake watano waliokuwa na majibu matano. Kazi za watu kumi na wawili zimeachiwa mtu mmoja aliyerudi kazini amechoka. Akishindwa, tunasema hapendi.

Simu nayo imetuletea kichekesho chake. Ninamfahamu kijana anayeweza kukwambia mkewe alikuwa hewani mara ya mwisho saa nne na dakika kumi na saba usiku. Muulize mkewe anachoogopa ni nini, hajui. Ana hesabu, lakini ni hesabu ya polisi. Makundi ya familia ya WhatsApp sitayasema sana. Kila mtu ameona mjumbe wa kwanza akiandika “Poleni sana”, na arobaini wanaofuata wakiinakili pole hiyo pamoja na kosa lake la herufi.

Kinachonishughulisha zaidi ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani au Chumbageni ina kibaraza mbele, cha saruji, kimejengwa pamoja na nyumba kama mdomo ulivyo sehemu ya uso. Mwenye nyumba akikaa pale yuko kwake na yuko mtaani kwa wakati mmoja. Mpita njia halazimiki kualikwa. Anasalimu, akipenda anakaa, akipenda anapita. Nenda sasa kwenye viwanja vipya nje ya mji. Kitu cha kwanza kujengwa ni ukuta. Nimeona kiwanja ambacho msingi wa nyumba haujamwagwa zege, ukuta umekwisha, geti limepakwa rangi. Mwenye nyumba atakuwa na sebule nzuri, na ili umsalimu itabidi umpigie simu kwanza kuuliza kama yupo. Ninaelewa hofu ya wezi. Lakini ukuta hauchagui, unamzuia mwizi na unamzuia aliyekuja kuuliza mbona hujaonekana.

Haki inataka niseme na upande wa pili, na si kwa kupita tu. Watu waliokuwa wakituhesabu walikuwa pia wakituchunga. Shangazi yangu mmoja alikimbilia nyumbani kutoka kwa mumewe mara tatu. Mara zote tatu wazee walikaa kitako, wakanywa chai, wakasema ndoa ni uvumilivu, wakamrudisha. Mara ya tatu alirudishwa akiwa na jino lililovunjika. Wote waliokuwa kwenye kikao kile walimpenda, nina hakika, na wote walijua. Kwa hiyo kujulikana peke yake hakutoshi, na kuna kujulikana kunakoua. Mwanamke asiyejaaliwa mtoto anajua jinsi “vipi, bado?” inavyouma inapotoka kwa watu wale wale wanaomletea futari. Baraza nalo ni la wanaume. Umbea unaofanyika pale tunauita mazungumzo, wa wanawake ndio tunaouita umbea. Kijana anayehamia mji mwingine ili apumue simlaumu. Nami nilihama kwa sababu hiyo hiyo, kisha nikalala siku nne bila kugongewa, na mpaka leo sijaweza kusema kwa uhakika ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonichosha zaidi.

Halafu kuna wale ambao mtaa haukuwahesabu kabisa. Mkoa wetu umejengwa na mikono yao. Mkonge wenyewe ulikuja mgeni: Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa ilinusurika 62 tu. Mashamba yalipopanuka yakahitaji watu kuliko waliokuwepo. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikawa inawaleta vijana kutoka Kigoma, Songea, Njombe, na hata ng’ambo ya mipaka, Urundi na Msumbiji. Wakaitwa manamba. Jina lenyewe linajieleza: mtu aliacha jina lake kwao, hapa akapewa namba. Aliishi kambini, mara nyingi bila mke, kwa mkataba, akikata majani ya mkonge kwa idadi ya matita.

Wenyeji walipenda kuwacheka, na neno manamba mpaka leo halijasafika. Lakini tazama walichofanya watu wale waliopewa namba. Walitafutana. Walicheza ngoma za kwao Jumapili. Waliutumia utani wa makabila, ambao si mzaha mtupu, maana mtani ana wajibu. Kwenye msiba yeye ndiye anayeruhusiwa kumkejeli marehemu, na ndiye anayeshika kazi nzito. Mtu aliyekufa umbali wa majuma ya safari kutoka kwa mama yake alipata wa kumzika na wa kumtania kaburini. Wengi hawakurudi makwao. Walilowea. Watu wa nje wanapenda kusema Tanga “waja leo, waondoka leo”; nami naona wajukuu wa walolowea wamejaa Muheza na Korogwe, wanasema Kiswahili cha pwani kuliko mimi, na kwao ni hapa. Walikaribishwa lini hasa? Hakuna siku iliyoandikwa. Nadhani ilikuwa siku ile mtu wa kwanza alipomwambia mmoja wao, “Umepotea.”

Ninayasema haya kwa sababu wageni wanakuja tena. Bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa Chongoleani, na bandari nayo imepanuliwa. Vijana wa Kagera, wa Mbeya, wa Singida, wamepanga vyumba vyenye choo ndani na geti la pamoja. Hakuna anayewaita kwa namba. Wanaitwa “wale wa mradi”, na sidhani kama tofauti ni kubwa.

Mmoja wao amepanga nyumba inayotazamana na yangu. Ni mwezi wa tano sasa. Ana miwani, ana pikipiki nyekundu, jioni hurudi saa moja kasoro na taa ya barazani huwaka. Jina lake silijui. Mimi niliyeandika maneno yote haya, silijui. Tumesalimiana kwa kunyoosha mikono, kila mmoja upande wake wa barabara.

Juzi taa haikuwaka. Nikajiambia amesafiri. Jana haikuwaka pia, na pikipiki naiona kupitia upenyo wa geti, ipo. Inawezekana amekwenda likizo kwao akaiacha. Inawezekana balbu imeungua, na nikigonga atatoka akiwa na kijiko mkononi, anishangae. Nitaonekana mzee mbea. Nimemwagiza muuza kahawa aongeze kikombe kimoja, navaa kofia, nakwenda.